UBAYA WA KUITANA KWA KABILA: KISA CHA MAJI YA MURAISII

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeziunganisha nyoyo baada ya kuchukiana kwake. Na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Enyi ndugu Waislamu! Kabla ya Uislamu, Ausi na Khazraji wa Madina walikuwa wakiuana kwa kabila. Vita vyao vya Buath vilipiganwa miaka michache tu kabla ya Hijra. Ukaja Uislamu ukawapatanisha, ukawapa wote jina moja, Ansari. Na waliohama kutoka Makka wakaitwa Muhajirina. Majina haya mawili yamesifiwa katika Kurani. Lakini tazameni siku moja yalivyokaribia kumwaga damu.

Katika mwezi wa Shaabani, mwaka wa 5 wa Hijra kwa kauli ya Waqidi, na wa 6 kwa kauli ya Ibn Is-haq, Mtume (S.A.W.) alipata khabari kuwa Harith bin Abi Dhirar, mkubwa wa Banu Mustaliq, anakusanya watu kuipiga Madina. Akampeleka Buraida bin Huseib kupeleleza. Ilipohakikika, akatoka na jeshi, akawakuta penye maji ya Muraisii, upande wa Qudaid. Vita havikuwa virefu. Banu Mustaliq wakashindwa.

Jeshi lingali pale pale, Jahjah, mtumishi wa Seyyidna Umar aliyekuwa akimwongozea farasi wake, na Sinan wa Juhaina, waligombana kwa kusongamana majini. Sinan akapiga ukelele kuwaita Ansari, Jahjah akawaita Muhajirina. Na watu wakaanza kukusanyika huku na huku. Nao wawili hao, mmoja alikuwa Mghifari, wa pili mshirika tu wa Khazraji. Hapana Mkureshi wala Mkhazraji wa nasaba baina yao!

Mtume akatoka, akauliza ni wito gani huo wa kijahiliya, akawaamuru wauache kwani unanuka. Basi fahamuni: hakulikataza jina la Ansari wala la Muhajirina. Alilolikataza ni mtu kumnusuru mwenziwe kwa jina, bila ya kuuliza nani mwenye haki.

Abdalla bin Ubayy, mkubwa wa wanafiki, alipopata mwanya akasema kuwa wakirejea Madina mwenye nguvu atamtoa aliye dhalili. Kijana mdogo, Zaid bin Arqam, akayasikia, na khabari ikamfikia Mtume. Bin Ubayy akaapa kuwa hakusema, na mtoto akadhaniwa mwongo. Seyyidna Umar akataka auawe. Mtume akakataa, watu wasije wakasema kuwa Muhammad anawaua sahaba zake. Akaamuru safari kwa saa isiyokuwa ya kusafiri, wakenda mchana kutwa na usiku kucha, hata jua la siku ya pili likawaudhi. Waliposhuka, kila mtu alilala pale pale alipogusa ardhi. Hapakuwa na nafasi ya kuendeleza maneno. Kisha ikateremka Sura ya Munafiqun, ikamsadikisha Zaid.

Mtoto wa Bin Ubayy, naye jina lake Abdalla, alikuwa Muislamu wa kweli. Alikwenda kwa Mtume kutaka amri ya kumwua babake kwa mkono wake, asije akauawa na mtu mwingine, nafsi yake ikamtuma kulipa kisasi, akaangamia kwa kumwua Muislamu kwa ajili ya kafiri. Mtume akamwambia watamfanyia upole na kukaa naye kwa wema.

Na tazameni mwisho wa safari hiyo. Juwairiya, binti wa Harith, alikuwa katika mateka. Mtume akamlipia fidia yake, akamwoa. Watu walipojua kuwa Banu Mustaliq wamekuwa wakwe wa Mtume, wakawaacha huru watu wa nyumba mia. Ndivyo ujamaa unavyotumiwa: kufungua vifungo, si kufungua vita.

Basi, ewe ndugu, ukisikia ukoo wako unaitwa katika ugomvi, wa kisima, wa shamba au wa msikiti, usiulize kwanza ni nani wetu. Uliza nani aliyedhulumiwa. Na nduguyo akiwa ndiye dhalimu, msaada wako kwake ni kumshika mkono asidhulumu.

Mwenyezi Mungu atutakase nyoyo zetu na chuki za kijahiliya, atujaalie kuwa ndugu kwa haki. Amin.