Shahidi wa Damu

Jibu la maabara ni ushahidi. Anayeandika kwenye fomu ya mgonjwa kwamba hakuna vimelea vilivyoonekana anaisemea damu isiyoweza kujisemea, na daktari, mama wa mtoto na mwenye duka la dawa wote watatenda kwa kumwamini. Kwamba ushahidi wa uongo ni dhambi, msikiti na kanisa hawabishani. Swali gumu ni la mtu anayeshuhudia kwa moyo mweupe jambo ambalo hakulihakiki: je, naye ana lawama? Nasema anayo, na sehemu kubwa ya lawama hiyo inamwangukia aliyemfundisha. Mhadhiri wa sayansi ya maabara, awe Kitale au Bungoma, anayeukwepa utafiti kwa kudai kwamba yeye kazi yake ni kufundisha tu, anawazoeza wanafunzi kuthibitisha mambo ambayo yeye mwenyewe hajayaona.

Chukua slaidi ya malaria. Mwanafunzi anaitia rangi ya Giemsa, anaikausha, anadondosha mafuta, kisha chini ya lenzi ya 100 anahesabu vimelea hadi afikishe chembe nyeupe 200. Ili ajue vimelea vilivyomo katika mikrolita moja ya damu, anagawa kwa 200 na kuzidisha kwa 8,000. Hiyo 8,000 ni makadirio ya chembe nyeupe yanayokubaliwa na Shirika la Afya Duniani pale ambapo za mgonjwa mwenyewe hazikuhesabiwa. Mkono ni mwaminifu na hesabu haina kosa, ila katikati ya jibu amekaa mtu wa kukadiriwa. Mgonjwa ambaye chembe zake ni 5,000 ataandikiwa vimelea asilimia 60 zaidi ya alivyo navyo. Mhadhiri aliyewahi kuhesabu chembe za wagonjwa wa Bungoma wenyewe atajua makadirio hayo yanawafaa kiasi gani. Asiyewahi ataikaririsha kanuni kama ilivyo, na darasa litainakili.

Himoglobini nayo ina mtego wake. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, Bungoma mita 1,400 hivi. Hewa ikipungua oksijeni mwili huongeza himoglobini, hivyo mpaka wa upungufu wa damu hurekebishwa kulingana na mwinuko. Wajawazito wawili wenye namba ileile, mmoja Bungoma na mwingine Kitale, wanaweza kustahili majibu tofauti. Tena marekebisho hayo yenyewe yalibadilishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2024. Kilichofundishwa kama sheria kilikuwa makisio ya wakati wake, na waliokirekebisha ni watafiti.

Makisio kama hayo yana bei. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliohusisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi, wahudumu wa afya ya jamii wa Bungoma Mashariki na Kiminini, jirani na Kitale, waliwapima wenye homa kwa kipimo cha haraka. Aliyepatikana na malaria alipewa vocha ya kununua dawa mseto kwa nafuu dukani. Mstari mwembamba kwenye kifaa ukageuka pesa mkononi. Na vipimo vingi vya namna hiyo hunasa protini ya kimelea iitwayo HRP2, ambayo yaweza kubaki katika damu majuma kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtoto aliyekwisha kupona malaria anaweza kuonyesha mstari uleule huku homa yake ya leo ikiwa na chanzo kingine.

Watu watasema kwamba shaka ikiingia darasani, imani ya mgonjwa itatoka. Kanisa la Friends, lililojikita Bungoma tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20 na lenye hospitali Lugulu, linatoka katika mapokeo yanayokataa kula kiapo, kwa hoja kwamba neno la mkweli halihitaji kuongezewa uzito. Hoja hiyo inamtwika msemaji mzigo wote: asiye na kiapo cha kujisitiri lazima alipime neno kabla halijamtoka. Shaka, basi, ni kazi ya shahidi. Aimalize kwenye meza yake kadiri awezavyo, na palipobaki giza aseme hivyo kwenye fomu.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi. Tafiti nyingi ni ngazi ya kupandia cheo, na damu inayotumika ni ya maskini. Ni kweli, na ndiyo sababu swali lianzie kwenye benchi la maabara badala ya kuanzia kwenye fomu ya kupandishwa daraja. Damu iliyobaki kwenye chupa baada ya kipimo ina mwenyewe. Aombwe, na matokeo yarudi wodini. Kuhesabu chembe nyeupe hakuhitaji mfadhili mkubwa. Kunahitaji idhini ya mgonjwa, kibali cha kamati ya maadili, na mhadhiri aliyepunguziwa vipindi kadhaa kwa juma, jambo lililo mikononi mwa wanaopanga ratiba za vyuo.