Mateso ya Wazee na Burudani ya Wajukuu

Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994, na tangu mwaka 2014 watoto wengi wamejifunza hesabu kwa katuni za Ubongo Kids, zitengenezwazo Dar es Salaam. Ikiwa visa vya watoto na wanyama vyaweza kufundisha hesabu, hapana shaka visa vya kijijini vyaweza kufundisha historia. Hapo ndipo lizukapo swali zito: je, ni halali mateso ya wazee kufanywa burudani ya wajukuu?

Mtoto wa Masagati, pande za bonde la Kilombero, hana haja ya kuazima mashujaa wa mbali. Tarehe 30 Agosti 1905, katika Vita vya Maji Maji, Wapogoro na Wambunga waliishambulia boma ya Wajerumani huko Mahenge, wakiamini kwamba dawa itageuza risasi kuwa maji. Risasi hazikugeuka; bombomu iliwafyeka. Kisha Wajerumani waliteketeza vijiji na chakula, njaa ikaingia, nayo ikaua wengi kuliko risasi. Makisio ya waliokufa huanzia 75,000 hadi 300,000.

Sasa, visa vya hatari vina kanuni yake: mtoto hujificha, huvuka mto, huwapiga chenga adui, hurudi nyumbani salama, na juma lijalo huanza upya. Njaa haina juma lijalo. Kwa hiyo wako wasemao kwamba mambo hayo yasiguswe, maana moyo wa mtoto ni mwororo. Lakini bibi aliyesimulia motoni usiku hakuyaficha. Aliutazama uso wa mjukuu. Akiona machozi alipunguza mwendo, akiona kiburi aliongeza huzuni. Televisheni husema bila ya kumwona asikiaye. Hilo ndilo pungufu lake, wala si ubaya wa kisa.

Basi yampasa mtungaji atangulize huruma ambayo bibi aliitoa papo kwa papo. Damu aweza kuifunika. Kweli hana ruhusa ya kuifunika. Akionyesha dawa ikishinda risasi, amewadanganya walio hai na kuwadhihaki waliokufa. Akiwafanya maadui wote kuwa wageni, amekosa pia, kwa sababu askari wengi wa Wajerumani walikuwa Waafrika, nao wana wajukuu. Na shujaa wake mdogo asiwe mwua watu, bali achimbaye mizizi ya mwituni, ambebaye mdogo wake mgongoni, agawaye kidogo alichopata.

Juu ya yote, mmoja katika watoto wa kisa asirudi. Nafasi yake motoni ibaki wazi, na mtazamaji aulize yuko wapi. Burudani imwachiayo mtoto swali hilo imewaheshimu wafu. Imwachiayo kelele za ushindi tu imewazika mara ya pili.