Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Je, Kina Hatia?

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Tangu utotoni nimeisikia methali hii ikitumiwa kumnyoshea kidole mtu wa karibu: jirani, mke mwenza au ndugu. Lakini yapo maradhi ambayo kikulacho si mtu, bali ni walinzi wa mwili wenyewe. Swali langu ni hili: pasipo na mkosaji, je, ni haki kumtafuta?

Nachukua mfano wa vaskulitisi, yaani uvimbe wa mishipa ya damu. Kwa kawaida seli nyeupe za damu hutukinga na vijidudu. Katika aina moja ya ugonjwa huu, mwili hutengeneza kingamwili zinazozichochea seli hizo, nazo hushambulia kuta za mishipa midogo. Figo huathirika sana, kwa kuwa kila figo ina vichujio vipatavyo milioni moja, na kila kichujio ni fundo la mishipa hiyo. Damu na protini huvuja na kuingia katika mkojo. Mara nyingi figo zenyewe haziumi. Mgonjwa huhisi uchovu, huumwa viungo au hutokwa na damu puani, na kumbe figo zinaweza kuharibika kwa wiki au miezi michache tu. Kichujio kikishageuka kovu, hakiponi tena.

Shangazi yangu alipougua ugonjwa huu, swali la kwanza nyumbani halikuwa "tumpeleke wapi?" bali "nani amemfanyia?" Wengine walimuuliza amekula nini, amemkosea nani. Nami nilimuuliza. Alinijibu kwa upole, "Mwanangu, hata mimi najiuliza." Wiki zikapita tukiwachunguza majirani. Leo anasafishwa damu kwa mashine.

Huenda mtu akanipinga kwamba kutafuta chanzo ni busara, na hata daktari huuliza. Ni kweli. Daktari huuliza mgonjwa ametumia dawa gani, kwa sababu zipo dawa chache zinazoweza kuchochea ugonjwa huu, kwa mfano hidralazini, ambayo ni dawa ya shinikizo la damu. Lakini daktari huuliza ili atibu. Sisi tuliuliza ili tuhukumu. Swali lake huandamana na kipimo cha mkojo. Swali letu lilichukua nafasi ya kipimo hicho.

Hatia, kwa maoni yangu, huhitaji hiari. Seli haina hiari. Imekosea tu kumtambua adui. Ndiyo maana tiba yake ni kuituliza kinga ya mwili kwa steroidi pamoja na dawa kama saiklofosfamaidi au rituksimabu, na tiba hiyo hufaa zaidi ikianza mapema. Shangazi hakuchagua kuugua. Majirani hawakufanya lolote. Waliokuwa na hiari ni sisi, tuliokuwa na uwezo wa kumpeleka hospitali mwezi mmoja kabla.

Sisemi kwamba figo zake zingepona kabisa. Hilo sina hakika nalo. Nasema kwamba tulimtafuta mkosaji kila mahali isipokuwa katika kikao chetu wenyewe. Methali ilikuwa sahihi, ila sisi tuliisoma vibaya. Nami bado sijamwomba shangazi radhi.