Kumlisha Mfungwa kwa Mshahara

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Umesomwa katika darsa yetu waraka wa kijana mmoja, mtu wa Pwani, ambaye sasa maskani yake ni Nkoroi katika Kajiado, kando ya barabara iendayo Magadi, mbele kidogo ya Ongata Rongai. Kijana huyu alisomea upishi wa mahoteli, na baada ya kukaa siku nyingi bila ya kazi amepata kuajiriwa katika jiko la jela moja ya bara. Jina la jela hiyo hatulitaji, wala hapana haja ya kulitaja. Ameuliza mambo matatu. La kwanza, je, mshahara wake ni halali, hali ya kuwa baadhi ya wale awapikiao, kwa aonavyo yeye, hawakustahiki kufungwa? La pili, afanye nini akiletewa hati atie sahihi ya kupokea magunia kumi ya maharage, na yaliyofika ghalani ni manane? La tatu ni suala dogo la funga, nalo tutalijibu mwisho. Kisha akaongeza kwamba jamaa zake wa Mombasa wamemtaka aiache kazi hiyo, kwani wanaona ni aibu mtoto wa nyumba yenye heshima kwenda kusonga ugali wa wafungwa.

Hilo la aibu twalitanguliza ili liondoke njiani. Mombasa haiwezi kujifanya haijui jela ni kitu gani. Ngome waliyoanza kuijenga Wareno mwaka 1593, nayo ndiyo Ngomeni, ilikuwa jela tangu mwaka 1895 hata mwaka 1958, katikati ya mji wetu. Wazee wetu walipita chini ya kuta zake kwenda misikitini na sokoni, na ndani mlikuwamo watu wanaokula na wenye njaa. Leo wafungwa wako Shimo la Tewa, mbali kidogo na macho yetu, na labda umbali huo ndio uliotusahaulisha. Nabii Yusuf (A.S.) alikaa jela miaka, naye ni Nabii mwana wa Nabii. Ikiwa kufungwa kwenyewe si lazima kuwe aibu, kumpikia aliyefungwa kutakuwaje aibu?

Sasa tuje kwenye suala lenyewe, nalo si jepesi kama wadhanivyo wale waliokwisha kumjibu kijana huyu kwa neno moja, "halali" au "haramu".

Imesimuliwa kuwa Imam Ahmad bin Hanbal, katika ile miezi 28 au karibu yake aliyofungwa Baghdad kwa kukataa kusema kwamba Qur'ani imeumbwa, aliulizwa na mlinzi wa jela yake juu ya zile habari zilizopokewa za kuwatisha madhalimu na wasaidizi wao. Mlinzi akataka kujua kama yeye ni katika wasaidizi wa madhalimu. Imam akamjibu kuwa wasaidizi wa dhalimu ni yule amchanaye nywele, na amfuliaye nguo, na amtengenezeaye chakula. Ama wewe mlinzi, u katika madhalimu wenyewe.

Msomaji wa haraka atasema: kwisha maneno, mpishi ametajwa. Lakini na tutazame ametajwa mpishi yupi. Aliyetajwa ni yule ampikiaye mlinzi, amtiaye nguvu mwenye kufunga ili apate kuendelea kufunga. Kijana wetu hampikii mwenye ufunguo. Yeye ampikia aliye nyuma ya mlango. Hawa ni wapishi wawili, wala hukumu yao haiwezi kuwa moja.

Mwenye kushindana ana hoja nyingine, nayo ina nguvu zaidi, na mmoja katika wanafunzi wa darsa aliitoa. Alisema kwamba jela haiwezi kusimama hata siku tatu bila ya jiko. Kufuli lategemea sufuria. Basi kila apikaye jela, ampikie nani, ameisimamisha jela. Twasema: ni kweli kuwa jela haisimami bila ya chakula. Lakini jiulize, mtu akiondoa mkono wake, ni nani atakayepata taabu? Mwenye ufunguo akiutupa, mfungwa atatoka. Mpishi akiutupa upawa, mlango haufunguki. Atakayelala na njaa ni mfungwa. Kwa kipimo hicho twaona kuwa kazi ya mlinzi humfikia mfungwa kwa kumzuia, na kazi ya mpishi humfikia kwa kumhuisha, ijapokuwa zote mbili zafanywa ndani ya ukuta mmoja na zalipwa kutoka katika hazina moja.

Wala tusisahau kuwa si kila jela ni dhuluma. Nyumba ya Safwan bin Umayya ilinunuliwa Makka iwe jela katika zama za Sayyidna Umar (R.A.), na makadhi wetu walikuwa na jela zao. Ila hapa kwetu Kenya wengi waliomo jelani ni mahabusu, kesi zao hazijakwisha, na wengine wamekaa humo kwa kukosa fedha ya dhamana tu. Kijana wetu hana mizani ya kumpima nani amedhulumiwa na nani amestahiki. Na neema ya kazi yake ni kwamba hahitaji mizani hiyo. Njaa ya mwizi na njaa ya aliyesingiziwa wizi zatoka katika tumbo la aina moja.

Katika Sura ya 76, aya ya 8, Mwenyezi Mungu amewasifu watu wema kwa kulisha chakula, nao wakipenda chakula hicho, na amewataja watu watatu wanaolishwa: maskini, yatima na mfungwa. Huyo mfungwa, baadhi ya wafasiri wa mwanzo, Mujahid akiwa mmoja wao, wamesema ni aliye jelani. Na Waislamu wa kwanza hawakuiacha sifa hiyo katika msahafu. Baada ya vita vya Badr, mwaka wa 2 wa Hijra, mateka waligawanywa katika nyumba za Madina, na Mtume (S.A.W.) akausia watendewe wema. Abu Aziz bin Umayr, ndugu yake Mus'ab, alikuwa mmoja wa mateka hao. Yeye mwenyewe alisimulia kuwa Maansari waliomshika, kila wakileta chakula cha asubuhi na cha jioni, walikuwa wakimpa yeye mkate, nao wakila tende. Akiona haya akawarudishia mkate, nao wakimrudishia bila ya kuugusa. Madina siku zile mkate ulikuwa ndio chakula bora, na huyu alikuwa amekuja kuwaua.

Hapo kijana wetu ameshikwa na wasiwasi mwingine. Amesema: aya hiyo yasifu wanaolisha wasitake malipo wala shukrani, na mimi napokea mshahara kila mwisho wa mwezi, basi mimi nina nini katika aya hiyo? Jibu ni kuwa malipo yanayokanushwa humo ni yale yatakiwayo kwa mwenye kulishwa. Kijana huyu hamtozi mfungwa kitu. Sayyidna Abubakar (R.A.) alikuwa mfanya biashara ya nguo, na alipotawazwa ukhalifa masahaba walimkadiria posho katika Baitul-Mali ili apate kuwashughulikia Waislamu. Je, ukhalifa wake uliharibika kwa posho? Ujira hulipa mikono na saa za mtu. Nia haina mlipaji hapa duniani, na wapishi wawili wenye mshahara mmoja waweza kutofautiana mbele ya Mola wao kama mbingu na ardhi.

Basi jibu la suala la kwanza ni halali, na kwa mwenye nia njema ni zaidi ya halali. Lakini halali hii ina mpaka. Katika jela za wakoloni kulikuwa na adhabu ya kupunguziwa mfungwa chakula. Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya wafungwa, zilizosahihishwa mwaka 2015 zikapewa jina la Mandela, zimekataza katika kanuni ya 43 kumwadhibu mtu kwa kumpunguzia chakula au maji ya kunywa. Sisi hatukungoja mwaka 2015. Hadithi ya yule mwanamke aliyeingia Motoni kwa ajili ya paka twaijua sote: alimfunga asimpe chakula, wala asimwache ajitafutie wadudu wa ardhi. Mwanamke huyo alikuwa na njia mbili, na zote aliziziba. Kila amfungaye kiumbe amemziba njia ya kujitafutia, basi riziki yake imekuwa deni shingoni mwake. Akiambiwa kijana wetu, "Mfungwa fulani leo asipewe," naye akatii, hapo ameuacha upawa akashika ufunguo, na lile jibu la pili la Imam Ahmad litakuwa lake.

Sasa tuingie katika magunia, na hapa ndipo palipo na hatari kubwa kuliko wasiwasi wote uliotangulia.

Imam Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa ambaye kwa mashuhuri alifia jela mwaka 150 wa Hijra, aliandika Kitabu cha Kharaj kumwandikia Khalifa Harun ar-Rashid. Humo amezungumzia wafungwa kwa maneno ya mtu aijuaye jela. Alimshauri Khalifa kila mfungwa asiye na mali apewe dirhamu kumi kwa mwezi, mkononi mwake, wala asipewe mkate. Kwani mkate ukipelekwa, wasimamizi na walinzi watauchukua. Akataka pia mtu mwaminifu ayaandike majina yao na kuwalipa kila mwezi, na wapewe nguo za baridi na za joto, na wasitolewe nje na minyororo kwenda kuomba sadaka. Tazama, ndugu msomaji. Zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili imepita, na bado chakula cha mfungwa hupungua kati ya gari na sufuria. Abu Yusuf hakusema walinzi wa Baghdad ni watu wabaya kupita wengine. Alijua tu kwamba mfungwa hana wa kumlalamikia, na chakula cha asiye na wa kumlalamikia huliwa na kila apitaye karibu nacho.

Basi sahihi ile kijana asiitie. Magunia mawili yasiyofika si mali ya mzabuni wala ya mkuu wa ghala, bali ni maharage ya watu mia kadhaa, na kuandika yamefika ni kushuhudia uongo juu ya vinywa vyao. Amesema akikataa huenda akafukuzwa, na atakayekuja badala yake atakuwa mbaya zaidi. Hoja hiyo twaikubali nusu. Yafaa kumweka mtu kazini mahali penye ufisadi, akapima sawasawa kilichomfikia, akawazuia wenziwe wasiibe nyama ya juu ya sufuria. Haifai kumfanya atie mkono wake katika ufisadi wenyewe, kwani hapo huyo mbaya zaidi hatangojewa, amekwisha kufika. Na aandike manane. Mtu akiandika "nimepokea manane" katika hati iliyosema kumi, hakumtukana mtu wala hakumshitaki, amesema alichokiona. Wakimfukuza kwa hilo, riziki yake iko kwa Mola wake, na darsa hii imekwisha kusema kuwa haitamwacha.

Kuna watu wetu watakaouliza kwa nini tunapoteza kurasa kwa maharage, na kuna msemo wao kwamba jela si hoteli. Naam, si hoteli. Lakini hakimu alipohukumu alitaja miaka, hakutaja njaa. Atakayeongeza njaa juu ya miaka amejifanya hakimu wa pili. Nchi hii imeona mambo hayo yafikapo. Wakati wa ukoloni chakula cha jela kiligawanywa kwa rangi, Mzungu na chake, Mhindi na chake, Mwafrika na chake, kana kwamba tumbo nalo lina kabila. Na tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, huku huku kwetu mtoni Tana, wafungwa 11 walipigwa wakafa, na habari ya kwanza iliyotolewa na serikali ilidai kuwa walikufa baada ya kunywa maji. Maji, jamani! Walitafuta cha kuficha damu wakachukua kile alichopewa mfungwa anywe. Mpishi wa jela, hata mchota maji wa jela, ni shahidi wa mambo kama hayo atake asitake, na ndiyo maana twapenda awe mtu mwenye kumcha Mungu kuliko asiwe.

Na sisi wa mjini tuna habari yetu. Kila Ramadhani watu wa kheri wa Mombasa hupeleka tende na mchele na mafuta katika jela, na Mungu awalipe. Lakini miezi mingine 11 twauliza nini? Ni nani katika sisi aliyekwenda kuuliza kama uji wa asubuhi una sukari, au kama mahabusu wa kutoka mtaani petu ana ndugu wa kumzuru? Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 51, yasema aliyefungwa abaki na haki zake zote ila zile zisizowezekana pamoja na kufungwa. Kula kwawezekana.

Ama nyama, kijana aulize imechinjwa na nani. Machinjio mengi ya Kenya wachinjaji wake ni Waislamu, na jambo hilo halimtatizi mtu sana.

Limebaki suala lake la tatu, kuonja chumvi mchana wa Ramadhani naye amefunga. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, kuonja kwa ncha ya ulimi kisha kutema hakubatilishi saumu maadamu hakuna kilichoshuka kooni. Pasipo haja ni makuruhu. Penye haja, kama mpishi wa watu wengi asiyekuwa na wa kumwonjea, hapana makuruhu. Lakini humo jikoni, kwa alivyoandika, kuna wafungwa wasaidizi wasiofunga. Na awape hao waonje, na awaulize kweli kama chumvi imetosha.