Utafiti Huru, kwa Ruhusa ya Nani?

Wanafunzi wa uzamili wa sanaa ya kisasa huambiwa na wasimamizi wao neno lile lile kila mwaka: tafuta mada yako mwenyewe. Kwa aliye pwani ya Kenya, mada haiko mbali. Vigango vya Wamijikenda vimesimama bondeni na vichakani huko Kilifi, na ndugu zao wamekwisha kufika katika makumbusho na sebule za matajiri wa Marekani, wakitajwa kuwa kazi bora za sanaa ya dhahania. Pendekezo la utafiti linaweza kuandikwa kwa wiki moja. Ila kuna swali ambalo kamati ya idara huwa haimuulizi mwanafunzi: je, kitu kinachokaliwa na roho ya marehemu kinaweza kugeuzwa somo la sanaa, na kama kinaweza, nani wa kutoa ruhusa?

Kigango ni nguzo ya mti mgumu, wakati mwingine ndefu kuliko mtu, yenye kichwa cha duara na kiwiliwili bapa kilichochorwa pembetatu kwa ncha ya kisu. Husimikwa kwa heshima ya mwanachama wa Gohu, chama cha wanaume wenye mali na hadhi, hasa miongoni mwa Wagiriama. Koma, yaani roho ya marehemu, hukaa humo. Hulishwa, humwagiwa tembo la mnazi, husemeshwa. Kikishasimikwa hakihamishwi, hubaki pale pale mpaka mchwa na mvua vikimalize. Kuoza ni sehemu ya kazi yake, na hilo ndilo jambo ambalo mkusanyaji wa sanaa hawezi kulistahimili hata siku moja.

Wanafalsafa wamewahi kuugusa mjadala huu, lakini kupitia wavu. Mwaka 1988 Susan Vogel aliandaa maonyesho New York na kuweka ukumbini wavu wa kuwindia wa Wazande, umefungwa na kulazwa sakafuni kama kazi ya msanii wa kisasa. Arthur Danto, aliyeandika insha ya katalogi, alikataa: wavu ni chombo cha kazi, hata kama kwa macho haupitwi na kazi ya sanaa, kwa sababu haukuundwa ili kubeba maana. Mwaka 1996 mwanaanthropolojia Alfred Gell alimjibu kwamba mtego umebeba fikra nzito: ndani yake mna akili ya mwindaji, tabia ya mnyama na kifo kinachosubiri. Gell ana hoja yenye nguvu zaidi. Hata hivyo, wote wawili wanabishana juu ya kitu ambacho tayari kiko New York. Kuitwa sanaa ni sifa, bila shaka, lakini kwa kigango sifa hiyo ndiyo iliyompa mwizi bei.

Kisa cha Kalume Mwakiru kinatosha kuwa sura nzima ya tasnifu. Mwaka 1985 Monica Udvardy, mtafiti wa Kimarekani, alimpiga picha mzee huyo akiwa na vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibiwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wanazuoni, Udvardy alikiona kimoja kwenye slaidi za mwenzake Linda Giles: kilikuwa katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Illinois. Cha pili kilipatikana Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Kile cha Illinois kilirudishwa Kenya mwaka 2006, na mwaka uliofuata familia ikakabidhiwa. Watafiti hao walihesabu vigango 294 katika makumbusho 19 ya Marekani. Bila ile picha, familia isingekuwa na ushahidi. Basi asije mtu akasema kwamba utafiti wenyewe ndio najisi.

Ugumu uko kwingine. Makumbusho ya Denver yalitangaza mwaka 2014 kwamba yanaachia vigango 30, na vikafika Kenya mwaka 2019. Vya familia ipi? Hakuna aliyeweka kumbukumbu vilipong'olewa. Koma asiye na ukoo anapelekwa wapi? Na nyumbani kwenyewe hakuna kauli moja. Wapo Wamijikenda Waislamu na Wakristo wanaoona vigango ni ushirikina, na baadhi ya wezi walikuwa vijana wa humo humo vijijini. Anayesema "jamii imekubali" inampasa aeleze ni nani hasa aliyekubali.

Kibali cha serikali hakijibu hilo. Karatasi ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, humruhusu mtafiti kufanya kazi nchini Kenya. Haimruhusu kumgusa baba wa mtu. Wazee wana utaratibu wao, na ndani yake jibu linaweza kuwa hapana.

Wasanii wamelielewa hili mapema kuliko vyuo. Mwaka 2021, katika maonyesho ya Invisible Inventories yaliyofanyika Nairobi, Cologne na Frankfurt, kundi la The Nest na wenzao waliorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyoko ng'ambo, na Nairobi wakaweka makabati ya vioo yaliyoachwa matupu. Hapakuhitajika kukihamisha hata kigango kimoja ili sanaa ipatikane.

Idara za sanaa nazo zijifunze kupima kazi ya namna hiyo. Mwanafunzi akienda Kilifi, akakaa na wazee, akanyimwa ruhusa ya kupiga picha, kisha akaandika kwa umakini kwa nini alinyimwa na ni nani waliotofautiana juu ya uamuzi huo, amefanya utafiti kamili. Asishushwe alama kwa kukosa vielelezo.