Mji wa Leipzig na Nyumba Zake Tupu

Masomo: Yona 4, Yeremia 29:4–7



Yona alipokwisha kuhubiri Ninawi alitoka mjini, akaketi upande wa mashariki, akajifanyia kibanda apate kutazama yatakayoupata mji ule. Ameketi kivulini, wala hana kazi tena ila kungoja. Wako wengi miongoni mwetu waketio vivyo hivyo. Wakisikia habari za miji mikubwa, ulevi wake, maji yake machafu na watoto wake wasio na kwao, hutikisa kichwa na kusema ya kwamba mji umelaaniwa tangu Babeli, na mwisho wake ni kuanguka. Leo twataka kuuliza kama Mkristo amepewa kazi ya kungojea anguko hilo.

Tuache miji ya kale, tuutazame mji wa Leipzig katika Ujerumani, ambao si mgeni kwetu. Luther alijadiliana na Johann Eck mjini humo mwaka 1519, na mwaka 1539, Matengenezo ya Kanisa yalipoingizwa huko, alihubiri yeye mwenyewe siku ya Pentekoste katika kanisa la Mtakatifu Toma. Chama cha Misioni kilichohamia mji ule mwaka 1848 ndicho kilichowatuma wamisionari waliofika Machame mwaka 1893. Tena si Injili peke yake iliyotufunga na mji ule. Katika mtaa wa Plagwitz kilikuwako kiwanda kikubwa cha kusokota nyuzi za pamba, kilichoanzishwa mwaka 1884. Tangu mwaka 1907 kiwanda hicho kilikuwa na mashamba yake ya pamba katika pwani yetu, karibu na Saadani, wakati nchi hii ilipotawaliwa na Wajerumani. Basi wako waliopata neno la uzima kutoka Leipzig, na wako waliopata jembe na jua kali kwa ajili ya Leipzig. Yafaa tuyakumbuke yote mawili.

Mwanzo wa miaka ya 1930 mji ule ulikuwa na watu zaidi ya 700,000. Ikaja vita, na baada ya vita serikali ya Wakomunisti. Kodi za nyumba ziliwekwa chini sana, jambo lililowapendeza wapangaji, lakini wenye nyumba hawakupata fedha za kutosha kutengeneza mapaa. Mvua ikaingia ghorofa ya juu, kisha ya chini yake, mpaka watu wakahama. Serikali ilijenga majumba mapya pembeni mwa mji, ikaacha mitaa ya zamani ioze. Hewa ilijaa moshi wa makaa. Mwaka 1968 kanisa la kale la chuo kikuu, lililokuwa zima bila ufa, lilibomolewa kwa baruti kwa amri ya watawala.

Lakini katika kanisa la Mtakatifu Nikolai, tangu mwaka 1982, watu wachache walikutana kila Jumatatu kuomba amani. Mlango ulikuwa wazi kwa kila mtu, aaminiye na asiyeamini. Tarehe 9 Oktoba 1989 watu wapata 70,000 walitembea barabarani na mishumaa mikononi, na askari waliokuwa tayari hawakupiga risasi. Kabla ya mwaka kwisha ukuta wa Berlin ulikuwa umefunguliwa. Habari hii husimuliwa sana makanisani, nasi twaisimulia kwa furaha.

Yaliyofuata husimuliwa kwa nadra. Watu wale waliopata uhuru waliutumia kwanza kuondoka. Viwanda havikuweza kushindana na vile vya Magharibi, vikafungwa kimoja baada ya kingine, hata kile cha pamba. Vijana wakafuata kazi Magharibi, na wenye fedha kidogo wakajijengea nyumba mpya mashambani nje ya mji. Hatuwalaumu. Baba mwenye watoto hawezi kuwalisha kwa kukumbuka mishumaa. Lakini tazameni jinsi mji unavyokufa: hakuna adui aliyeuzingira, wala moto haukushuka. Dirisha moja likawa giza, kisha la pili. Mwenye duka la mkate akakosa wanunuzi, akafunga. Shule ikakosa watoto, ikafungwa. Mama aliyetaka kubaki akaona shule haiko tena, naye akahama, na kuhama kwake kukawa sababu ya jirani yake kuhama. Mwaka 1998 watu waliosalia walikuwa wapata 437,000, na karibu na mwaka 2000 nyumba za kukaa zipatazo 60,000 zilikuwa tupu. Waliobaki wengi walikuwa wazee, na watu wasio na nauli ya kwenda mahali pengine.

Wala si Leipzig peke yake. Detroit, mji wa motokaa katika Marekani, ulikuwa na watu 1,849,568 mwaka 1950, na mwaka 2020 walihesabiwa 639,111. Huko viwanda vilihamia nje ya mji, watu weupe wakavifuata, na watu weusi wakazuiwa kununua nyumba mahali kazi zilipokwenda. Sharika nyingi za watu weupe ziliuza majengo yao zikawafuata washarika wao, zikawaacha wale wasioweza kuhama. Mwaka 2013 serikali ya mji ilikwenda kortini kusema kwamba haiwezi kulipa madeni yake, na wakati huo taa za barabarani zipatazo nne katika kila kumi zilikuwa haziwaki.

Turudi Leipzig. Wakuu wa mji walibomoa nyumba nyingi, wakidhani hakuna atakayerudi. Lakini mwaka 2004 wenyeji kadhaa waliunda chama, wakawaendea wenye nyumba tupu na kuwaambia: Tukopesheni nyumba kwa miaka michache, kwa kawaida mitano. Watakaokaa humo hawatalipa kodi, watalipa gharama za maji na moto tu, lakini watailinda: wataziba paa, watatengeneza mabomba, watawasha taa usiku. Nyumba hizo ziliitwa nyumba za walinzi. Zilizochaguliwa hasa zilikuwa zile za pembeni mwa barabara kuu zenye kelele, ambazo hakuna mtu aliyezitaka. Hazikuwa nyingi, wala hatusemi kwamba ndizo zilizoufufua mji. Kazi mpya zilikuja, na hesabu ya watu iliongezwa pia kwa kuvitia vijiji vya kando ndani ya mipaka ya mji. Lakini nyumba zile hazikuanguka. Mwaka 2019 watu wa Leipzig walipita 600,000. Katika kiwanda cha pamba sasa wachora picha wana vyumba vyao vya kazi. Kanisa lililobomolewa lina jengo jipya mahali pake, lililofunguliwa mwaka 2017. Nayo kodi imepanda sana, hata maskini walioulinda mji ulipokuwa tupu sasa wanasukumwa pembeni. Hivyo kupona kwa mji nako kuna taabu yake.

Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefanya kazi miaka mingi Moshi ya Kale, aliogopa sana maisha ya mjini. Aliona ya kwamba Mungu amewafunga watu kwa ukoo, kwa ujirani na kwa rika, na kwamba mji hukata vifungo hivyo na kumwacha mtu peke yake. Twamheshimu mzee yule, naye hakukosa kuona. Ila ujirani hauoti katika migomba tu. Wale waliokesha katika nyumba za walinzi walikuwa wageni, nao wakawa majirani.

Bwana aliwaambia nini mateka walioishi Babeli, mji ule ule ambao twapenda kuulaani? Kwa kinywa cha Yeremia aliwaagiza wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, wautafutie mji amani na kuuombea kwake, kwa kuwa amani ya mji ndiyo amani yao. Hakuwaambia wajifanyie kibanda upande wa mashariki. Naye Yona aliulizwa kama haikuwa haki kuwahurumia watu zaidi ya 120,000 wasioweza kutofautisha mkono wa kuume na wa kushoto, na wanyama wengi pia.

Dar es Salaam ilihesabiwa watu zaidi ya 5,380,000 mwaka 2022. Katika hao wako watoto wa karibu kila usharika usomao gazeti hili. Twawaona wakikaa mjini miaka 30, na bado husema: Hapa natafuta tu, nyumbani ni mlimani. Mtaro mbele ya mlango wake umeziba, yeye hauoni, maana si kwao. Na huko mlimani amejenga nyumba nzuri ya matofali, nayo imefungwa mwaka mzima mpaka Krismasi, na mama yake mzee alala jirani katika chumba chenye paa livujalo. Hivyo nyumba tupu tunazo hata sisi, na mji wetu, ingawa umejaa, hauna wenyewe. Huo ndio ugonjwa ulioila Leipzig.

Basi twawaomba walimu na wazee wa kanisa jambo moja. Kijana akienda mjini, asiondoke bila cheti cha uhamisho, na mwalimu aandike pia kwa mchungaji wa huko, akitaja mtaa ambao kijana atakaa. Wazee wa mjini wakipokea barua hiyo wasingoje aje kanisani. Waende kwake juma lile lile, wamwonyeshe majirani zake, na kama kuna mtaro wa kuzibua, wauzibue pamoja naye. Kuhusu nyumba zilizofungwa mlimani, wazee wa kila mtaa wazihesabu kabla ya mvua za masika, kisha wawaandikie wenye nyumba hizo, wakiwauliza kama wangependa mtu akae ndani na kuzilinda.