KIMYA CHA JIRANI

Tufikiri kwamba tumo gatini Nyamisati, wilayani Kibiti, pamoja na abiria wangojao chombo cha Mafia au mtumbwi wa kuingia katika visiwa vya mikoko ya Rufiji. Mbele yetu ameketi mtoto wa miaka sita. Shati lake limepanda, na mgongoni twaona alama za fimbo, nyingine mbichi, nyingine zimekwisha kuwa makovu. Kila mtu ameona, na kila mtu atazama maji. Chombo chafika, mtoto apanda, nasi twasema moyoni: "Mtoto ni wa wenyewe."

Neno hilo, wapenzi wasomaji, ndilo tunalolikataa leo.

Hatusemi kwamba mtoto asirudiwe. Wazee walinena kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Lakini kukunja si kuvunja. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza mateso na adhabu za kikatili, wala haikubali adhabu inayopita kiasi cha umri na hali ya mtoto. Mwaka 2018, huko Bukoba, mwanafunzi wa shule ya msingi mwenye umri wa miaka 13 alifariki dunia baada ya kuchapwa na mwalimu, akishukiwa kuiba mkoba. Na uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wasichana kwa wavulana, walidhuriwa mwilini kabla ya kutimiza miaka 18. Basi, jambo hili si la nyumba moja.

Yafaa tujue dalili zake. Mtoto achezaye huumia magotini na miundini. Alama za masikioni, mashavuni, mgongoni au mapajani kwa ndani zataka kuulizwa. Vivyo hivyo michubuko ya mtoto mchanga asiyetambaa bado, majeraha ya moto yenye umbo la kitu, maelezo yanayobadilika kila yanapotolewa, na mtoto aogopaye kurudi nyumbani. Dalili moja si hukumu. Lakini ni wito.

Tufanyeje? Tumsikilize mtoto kwa upole, bila kumhoji kama hakimu. Tusimwahidi kuficha siri, wala tusimkabili mshukiwa mbele yake, asije akalipizwa. Aliyeumia apelekwe zahanati mara moja. Kisha tutoe habari kwa serikali ya kijiji, kwa ofisa wa ustawi wa jamii, au kwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Na simu ya watoto ni 116. Sheria hiyohiyo yamwagiza kila mwanajamii ajuaye kwamba haki ya mtoto yavunjwa atoe habari. Katika delta, ambako njia ni maji na safari hungoja maji kujaa, jirani yu karibu kuliko polisi na mganga. Akinyamaza yeye, nani atasema?

Nasi wazazi tujichunguze. Mkono uliojaa hasira haufundishi, huogofya tu. Atakayeona kwamba amezoea kupiga hata kujeruhi, na aombe msaada leo, wala asingoje msiba.

Bwana wetu alimweka mtoto katikati ya wanafunzi wake. Tusimwache pembeni mwa gati, sisi tukitazama maji. Dhambi yetu huenda isiwe fimbo. Huenda ikawa ni kimya.